Mchapuko si Kasi: Neno juu ya Somo Tunalolifundisha Vibaya

Kati ya masomo ya fizikia yafundishwayo katika shule zetu liko moja lililo fupi katika daftari na refu katika maisha, nalo ni somo la mchapuko. Katika daftari huchukua ukurasa mmoja tu: maana yake mistari miwili, kanuni mstari mmoja, na hesabu tano za kujaribu. Mwanafunzi hukariri, hujibu, hupata alama zake, kisha hufunga daftari. Walakini ukimsimamisha siku ya pili kando ya reli hapa Tabora, ukamwuliza, "Treni ile inayoondoka, ina mchapuko au haina?" utaona anakutazama wewe usoni badala ya kuitazama treni.

Hapo ndipo tulipoona haja ya kuandika maneno haya. Hatuandiki kwa kuwadharau walimu wenzetu, maana makosa tutakayoyataja sisi wenyewe tumeyafanya miaka mingi. Twaandika kwa sababu mtu asiyeujua mchapuko aweza kuangamia kwa ajili yake, na kuangamiza wengine, hali akidhani yu salama.

Kwanza tuyape haki yaliyo mema. Kanuni iliyo vitabuni haina kosa. Yasema hivi: twaa kasi ya mwisho, toa kasi ya kwanza, kisha gawanya kwa muda uliopita. Jibu ndilo mchapuko. Hayo ni kweli Tabora, ni kweli London, na hata mwezini ni kweli. Basi lawama yetu haiko juu ya kanuni. Iko juu ya mambo anayoyasikia mtoto tunapomwambia kanuni hiyo, na mambo tunayoyaacha bila kumwambia.

Kosa la kwanza ni la neno lenyewe. Mchapuko watoka katika kuchapua na kuchapuka. Wazee wetu husema "chapua miguu," yaani tembea upesi, na iko ngoma ndogo iitwayo chapuo, ipigwayo mbiombio. Neno ni zuri, nalo ni letu. Lakini mtoto anayelisikia hudhani mara moja kwamba mchapuko ni upesi, na kwamba kiendacho upesi sana kina mchapuko mkubwa. Mwalimu asipoliondoa wazo hilo siku ya kwanza, hataliondoa kamwe, hata akiandika kanuni mara mia ubaoni.

Tutwae mfano katika njia yetu wenyewe, ile njia ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hata Ujiji. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani hapa Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule, siku ya 134 ya safari yao. Burton alikadiria mwendo wao kuwa maili 600 au zaidi, ndiyo kilomita 965 hivi. Ukigawanya kwa siku 134, wapata kilomita 7 na kidogo kwa siku moja. Hiyo ni kasi ya wastani, na ndani yake zimo siku za kutembea, siku za homa, na siku za kungojea wapagazi.

Sasa tuulize: mchapuko wa msafara ule ulikuwa kiasi gani? Hesabu ile haiwezi kutuambia. Mpagazi aliyekwisha kushika njia, na frasila mbili begani, akitembea hatua zile zile tangu alfajiri hata saa nne katika njia iliyonyoka, hana mchapuko wowote, ingawa ametokwa na jasho jingi. Mchapuko ulikuwapo asubuhi, kirangozi alipoinua bendera na ngoma ikalia, watu wakatoka katika kusimama wakaingia katika kwenda. Ulikuwapo tena walipofika kambini wakapunguza hatua hata wakasimama. Yaani mchapuko haukai katika kwenda. Hukaa katika kubadilika kwa kwenda. Hata treni iingiayo katika kona bila kuongeza wala kupunguza kasi ina mchapuko, maana upande inaouelekea umebadilika. Naye abiria huujua ukweli huo pindi anapomwegemea jirani yake pasipo kutaka.

Kosa la pili ni lile fungu la maneno lenye kuwatisha watoto: "mita kwa sekunde kwa sekunde." Tumewaona wanafunzi wenye akili wakilifuta neno moja, wakidhani mwalimu amekosea akaandika sekunde mara mbili. Nasi walimu, badala ya kueleza, husema, "Iandike hivyo hivyo." Jibu la namna hiyo ni aibu kwa kazi yetu.

Njia iliyotusaidia sisi ni ya mshahara. Tuseme mtu ana akiba ya fedha ndani ya sanduku. Akiba ile ni mfano wa umbali. Mshahara wake ni shilingi nyingi kwa mwezi, nao ndio unaoiongeza akiba; huo ni mfano wa kasi. Sasa bwana wake ampa nyongeza: kila mwaka mshahara huongezwa shilingi kadha wa kadha kwa mwezi. Nyongeza hiyo ni mfano wa mchapuko. Angalia jinsi inavyosemwa: shilingi kwa mwezi, kwa kila mwaka. Nyakati mbili zatajwa, wala hakuna anayeshangaa, kwa kuwa kila mtu ajua tofauti ya mshahara na nyongeza. Yupo mwenye mshahara mkubwa asiyepata nyongeza miaka kumi. Yupo mwenye mshahara mdogo anayeongezwa kila mwaka. Vivyo hivyo kiko chombo chenye kasi kubwa na mchapuko sifuri, na chombo chenye kasi ndogo na mchapuko mkubwa. Mwanakijiji aliyefahamu hayo amekwisha kufahamu nusu ya somo.

Baada ya hapo hesabu huwa nyepesi. Treni yaondoka katika kituo cha Tabora. Mwanzo imesimama, kasi sifuri. Baada ya sekunde 60 yaenda kilomita 36 kwa saa. Kabla ya kufanya lolote, geuza kilomita kwa saa ziwe mita kwa sekunde, kwa kugawanya kwa 3.6, 36 zawa 10. Kisha 10 toa sifuri, gawanya kwa 60, wapata 0.17 hivi. Maana yake nini? Maana yake kila sekunde inayopita, kasi ya treni yaongezeka sentimita 17 kwa sekunde. Mwanafunzi asiyeweza kusema sentensi hiyo ya mwisho kwa kinywa chake hajapata jibu, hata kama tarakimu zake ni sahihi. Lakini twasahihisha tarakimu, na sentensi hatuiulizi.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililotusukuma kushika kalamu. Tumewaachia watoto waamini kwamba kitu kilichosimama hakina mchapuko. Mtihani ni rahisi. Tabora ina miembe mingi, kumbukumbu ya siku za misafara. Mwambie mtoto arushe embe juu, kisha umwulize: "Lilipofika juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka, mchapuko wake ulikuwa kiasi gani?" Wengi watajibu, "Sifuri, kwa maana lilisimama." Hapana. Kasi yake ilikuwa sifuri kwa nukta ile, lakini mchapuko wake ulikuwa ule ule wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, kuelekea chini, tangu lilipotoka mkononi hata liliporudi. Kama mchapuko ungalikuwa sifuri pale juu, embe lingalibaki hewani hata leo.

Pengine msomaji atasema, "Hayo ni maneno ya maembe, yanatuhusu nini?" Tarehe 24 Juni 2002, katika reli hii yetu ya kati, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma mteremkoni, ikaigonga treni ya mizigo karibu na Igandu. Watu 281 walikufa. Ni mojawapo ya ajali kubwa za reli zilizopata kutokea Afrika. Hatutaki kuwahukumu watu wala kusimulia majonzi ya wenzetu kama hadithi. Twataka kusema jambo moja tu la somo letu: hakuna gari liachalo kwenda mbele na kurudi nyuma pasipo kupita nukta ya kusimama. Katika nukta ile kasi ni sifuri. Mtu aliyefundishwa kwamba kusimama ni usalama angaliweza kupumua. Lakini mlima hausimami. Uzito wa gari na mwinamo wa njia viko kazini wakati ule ule, na mchapuko wa kurudi nyuma umekwisha kuwapo kabla gurudumu halijageuka hata kidogo.

Tufanye hesabu, si ya Igandu, ila ya kilima chochote. Tuseme njia yapanda mita moja kila mita 50. Mvuto wa dunia ni 9.8; gawanya kwa 50, wapata karibu 0.2. Tuseme msuguano wapunguza nusu yake, na breki hazishiki kabisa. Wabaki mchapuko wa 0.1. Nani atauogopa mchapuko wa moja ya kumi? Tuufuate. Baada ya sekunde 10 gari laenda mita 1 kwa sekunde, tena limesogea mita 5 tu. Hiyo ni kasi ya mtu atembeaye. Aweza kwenda kando yake akizungumza na abiria dirishani. Baada ya dakika moja laenda mita 6 kwa sekunde, nalo limekwenda mita 180. Mtu mzima hukimbia namna hiyo, lakini si kwa muda mrefu. Baada ya dakika mbili kasi ni mita 12 kwa sekunde, umbali mita 720. Baada ya dakika tatu kasi ni mita 18 kwa sekunde, yaani kilomita 65 hivi kwa saa, na umbali umepita kilomita moja na nusu. Mchapuko ni ule ule mdogo tangu mwanzo. Haukukua hata chembe. Kilichokua ni kasi, kwa sababu mchapuko mdogo ukipewa muda hufanya kazi kubwa. Ajuaye hayo huogopa katika sekunde kumi za kwanza, wakati ambapo woga wake wafaa kitu. Asiyejua huogopa katika dakika ya tatu.

Kosa la nne si kubwa kama hilo, lakini liko karibu nalo. Hesabu ikitoa jibu lenye alama ya kutoa, mwanafunzi husema, "Gari larudi nyuma." Sivyo. Lori lishukalo kilima likishikwa breki laendelea kwenda mbele, ila kasi yake yapungua. Mchapuko wake waelekea nyuma, lenyewe laelekea mbele. Ni mambo mawili, na alama ile husimulia moja tu.

Na hapa kuna fundisho ambalo lingetosha peke yake kuhalalisha somo zima. Lori laenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, na breki zake zaweza kupunguza mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Litasimama baada ya sekunde 2, nalo litakuwa limekwenda mita 10. Sasa dereva huyo huyo, lori hilo hilo, breki hizo hizo, lakini aenda kilomita 72 kwa saa. Watu wengi husema, "Kasi maradufu, basi atahitaji umbali maradufu, mita 20." Hesabu yasema sivyo. Atahitaji sekunde 4, na kwa sekunde hizo kasi yake ya wastani ni mita 10. Basi umbali ni mita 40. Kasi mara mbili, umbali mara nne. Tena hatujahesabu sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, ambayo yaongeza mita 20 nyingine. Mtoto aliye mita 50 mbele ya lori la kwanza atasimulia nyumbani. Aliye mita 50 mbele ya lori la pili hatafika.

Jambo hili litazidi kutuhusu. Reli ya zamani ilifika Tabora mwaka 1912, na watu wetu wamezoea magari yake. Huchunga mifugo kando yake na kuvuka wakisikia honi. Tangu mwaka 2024 treni za umeme huchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, zenye kuweza kwenda kilomita 160 kwa saa, na reli hiyo mpya inajengwa kuja kwetu. Kilomita 160 kwa saa ni mita 44 kwa sekunde. Tuseme breki zapunguza mita 0.8 kwa sekunde kila sekunde. Treni hiyo itahitaji karibu dakika moja kusimama, nayo itakwenda zaidi ya kilomita 1.2 ikiwa imeshikwa breki. Maana yake dereva akimwona ng'ombe kwa macho, amekwisha kuchelewa. Mzazi anayeyafahamu hayo hatamwambia mwanawe, "Dereva atakuona." Atamwambia, "Usivuke pasipo ruhusa."

Sasa msomaji atatudai: mmelaumu vya kutosha, nanyi mwatoa nini? Twatoa ubao na gololi. Katika kitabu chake cha mwaka 1638, Galileo wa Italia alieleza jinsi alivyoteremsha mpira mdogo wa shaba katika mfereji wa ubao ulioinama, akipima muda kwa maji yaliyotiririka kutoka chomboni. Hakuwa na saa ya sekunde. Walimu wanaosema, "Hatuna vyombo," na walitafakari hilo.

Tafuta ubao wa urefu wa shibiri 16, uliochongwa mfereji laini. Inua kichwa chake shibiri moja. Tia alama kwenye shibiri ya 1, ya 4, ya 9 na ya 16, ukihesabu kutoka juu. Mtoto mmoja apige ngoma polepole, pigo moja kwa sekunde. Mwingine aiachie gololi pamoja na pigo. Ukiurekebisha mwinamo kidogo, utaona kila pigo linalofuata gololi iko karibu na alama yake. Waulize watoto wahesabu shibiri zilizopitwa katika kila pigo: moja, tatu, tano, saba. Kila mara zimeongezeka mbili. Ile "mbili" isiyobadilika ndiyo mchapuko, nao wameuona kwa macho kabla ya kuisikia kanuni. Ukiandika kanuni baada ya hapo, huandika jambo geni. Waandika jina la mtu waliyekwisha kukutana naye.

Twajua yako mashaka juu ya shauri hili. Wako wasemao kwamba ubao na ngoma hupoteza muda, na mtihani hauulizi gololi. Ni kweli kwamba siku ya kwanza darasa letu lilikwenda polepole kuliko darasa la kukariri. Lakini twawakumbusha wenzetu yaliyosemwa juu ya mwenye mshahara mdogo na nyongeza kila mwaka. Usiupime ujuzi wa mtoto kwa siku moja tu; utazame jinsi unavyoongezeka.

Wako pia wasemao kwamba haya ni ya wanafunzi wa sekondari, wala hayamfai mkulima. Nasi twajibu kwamba Muumba hakuziweka sheria zake kwa ajili ya wenye vyeti. Mlima humvuta aliyesoma na asiyesoma kwa mchapuko ule ule. Kijana aendeshaye pikipiki akiwa amebeba mama na mtoto kuelekea soko la Jumamosi ameshika roho mbili zisizo zake, na kumpenda jirani katika saa ile ni kujua umbali wa breki zake. Basi ninyi mlio na elimu hii, msiifungie daftarini. Isemeni barazani, isemeni njiani, kwa maneno ambayo mchunga ng'ombe atayashika: kwamba kitu kilichosimama mlimani hakijatulia, kwamba kidogo kikipewa muda huwa kikubwa, na kwamba anayezidisha kasi mara mbili adaiwa njia mara nne.